Tumbo la mnyama ndani ya chemba ya kioo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neva na dawa

Maswali haya yanarudi kila mwaka. Yanatoka kwa wanafunzi wa famasia na udaktari wa Mbeya na Iringa, kwa walimu wa biolojia, na mara nyingine kwa mzazi aliyesikia kwamba mwanawe anashinda maabara na matumbo ya mbuzi. Kama jambo limeshaelezwa kwenye swali jingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya mwanzo

Hasa mnafanya nini na kipande cha tumbo?

Tunakata ukanda mwembamba wa ukuta wa tumbo la mnyama aliyechinjwa muda mfupi uliopita, wenye upana wa milimita 2 au 3 na urefu wa sentimita 2 hivi. Ncha moja inafungwa kwa uzi kwenye ndoano iliyo chini ya chemba ya kioo, na ya pili kwenye kifaa kinachopima mvuto. Chemba ina maji ya chumvi yenye joto la nyuzi 37, na gesi inabubujika ndani yake. Ukishatulia, ukanda hujikaza na kulegea wenyewe huku kompyuta ikichora mawimbi. Hapo tunaweka dawa kwa kipimo tunachokijua, kisha tunatazama kama mchoro utapanda, utashuka au utabaki pale pale.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unauliza jambo moja tu. Hakuna ini la kuivunja dawa wala ubongo wa kuingilia kati. Moyo nao haupo kubadilisha mwendo wa damu. Mchoro ukibadilika, sababu iko ndani ya ule ukanda au ndani ya maji yake. Sehemu hiyo ya pili watu wengi huisahau, na ndiyo maana ukurasa huu unazungumzia sana maji.

Kiungo kilichokatwa kinaishije nje ya mwili?

Misuli laini na neva haviulizi kama bado viko mwilini. Vinataka oksijeni, sukari, joto, na chumvi zilizo kwenye uwiano wake. Ukanda ukiwa mwembamba, oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji huufikia mpaka katikati bila damu. Ukitunzwa vizuri hufanya kazi kwa saa 4 hadi 6, na neva ndizo huanza kuchoka (tazama swali la kuhifadhi usiku).

Ni kweli tumbo lina neva zake lenyewe?

Ndiyo, na ndizo zinazofanya kazi hii iwezekane. Ndani ya ukuta wa njia ya chakula, kuanzia umio hadi mwisho wa utumbo mpana, kuna seli za neva zinazohesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Zimepangwa katika nyavu mbili: wavu wa Auerbach, ulio kati ya tabaka mbili za misuli, na wavu wa Meissner, ulio chini ya utando wa ndani. Tumboni wavu wa Auerbach ndio mkubwa, huo wa pili ni hafifu.

Ubongo hutuma amri kupitia neva ya vagasi, lakini nyavu hizi zinaweza kuendesha mambo mengi bila kungoja amri. Mwingereza Langley alizitambua mwaka 1921 kuwa tawi la pekee la mfumo wa neva usiotii hiari. Kwa hiyo tunapokata ukanda hatuchukui misuli mitupu, tunachukua misuli pamoja na waendeshaji wake.

Nani alianza kufanya hivi?

Rudolf Magnus, huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1904 alionyesha kwamba kipande cha utumbo wa mamalia kinaendelea kucheza ndani ya maji ya chumvi yenye joto na oksijeni. Kabla yake, miaka ya 1880, Sydney Ringer wa London alikuwa akifanya kazi na moyo wa chura. Majaribio yake ya mwanzo yalifaulu kwa sababu maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba, si yaliyokenekwa. Alipotumia maji yaliyokenekwa moyo ulisimama, na hivyo akagundua kwamba kalsiamu ya maji ya bomba ndiyo iliyokuwa ikiufanya udunde.

Mwaka 1921 Otto Loewi alisisimua neva ya vagasi ya moyo mmoja wa chura, akachukua majimaji yake na kuyapeleka kwenye moyo mwingine, nao ukapunguza mwendo. Ikathibitika kuwa neva huzungumza kwa kemikali. Kemikali ile ni asetilikolini, ambayo utakutana nayo kila siku kwenye kazi hii.

## Mnyama na kiungo

Lazima mnyama auawe kwa ajili ya jaribio?

Mara nyingi hapana. Ng'ombe, mbuzi na nguruwe wanachinjwa alfajiri kila siku kwa ajili ya kitoweo, na kipande kidogo cha tumbo hakimpunguzii mchuuzi kitu. Zungumza mapema na msimamizi wa machinjio, na uchukue tu kiungo cha mnyama aliyepitishwa na mkaguzi wa nyama. Vaa glavu. Kwenye nguruwe wa mikoa yetu minyoo tegu si habari za kusadikika, ipo.

Uende na chupa ya maji ya Krebs, yaani yale maji ya chumvi ya chembani, yaliyopozwa kwa barafu na kupitishiwa gesi. Kata kipande mara tumbo linapofunguliwa, suuza chakula, kitumbukize ndani ya chupa, uondoke. Ukisimama kunywa chai njiani neva zitakuwa zimekufa, ubaki na misuli ambayo bado inacheza lakini haina wa kuiamuru. Utadhani una ukanda mzima, kumbe una nusu yake.

Kwa nini vitabu vyote vinataja simbilisi?

Kwa sababu utumbo wa simbilisi ni mtulivu, haujichezechezi ovyo, na hujibu dozi ndogo kwa mchoro safi. Mwaka 1975, huko Aberdeen, Hughes na Kosterlitz walitumia utumbo wa simbilisi na mrija wa mbegu za panya mdogo kutambua enkefalini, kemikali za mwili zinazofanya kazi kama mofini.

Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ambayo wengi hatuioni. Simbilisi anayeagizwa kwa gharama kwenye maabara za nchi nyingine, hapa anafugwa majumbani Njombe, Iringa na Mbeya, anakula majani na maganda ya jikoni. Jihadhari na jambo moja tu: wa nyumbani hana rekodi ya umri, ugonjwa wala dawa alizopewa. Mkae naye wiki moja au mbili kabla ya kazi, na mwandike alikotoka.

Mbuzi ana matumbo manne. Nichukue lipi?

La nne, lenye utando laini uliojikunja na linalotoa asidi. Hilo ndilo linalolingana na tumbo la binadamu. Matatu ya mwanzo ni ya kuchachusha na kusaga majani. Yana neva na yanafaa kwa maswali ya mifugo, lakini usiyaweke kwenye ripoti inayomhusu mgonjwa wa binadamu.

Nguruwe ana tumbo moja kama sisi, na umbo lake liko karibu zaidi na letu.

Mimi ni Mwislamu. Nitalazimishwa kushika tumbo la nguruwe?

Usilazimishwe. Mbuzi, sungura na simbilisi wanafundisha yale yale. Mwalimu aulize kabla ya siku ya zoezi, si wakati beseni limeshafika mezani.

Nahitaji kibali?

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na utafiti unaotumia wanyama unaangukia humo. Anzia kwenye kamati ya maadili ya chuo chako, hata kama kiungo kinatoka machinjioni, maana watataka kujua kimetokaje na kitaishia wapi. Kwenye maombi eleza kwa nini idadi hiyo ya wanyama, na kwa nini si pungufu yake. Simbilisi mmoja anatoa kanda kadhaa, kwa hiyo kikundi cha wanafunzi wanane hakihitaji simbilisi wanane.

## Maji, gesi na baridi yetu

Maji ya Krebs yanatengenezwaje, na mbona yangu yanakuwa meupe?

Kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa: sodiamu kloraidi gramu 6.9, potasiamu kloraidi 0.35, magnesiamu salfeti (yenye maji 7) 0.30, potasiamu fosfeti yenye hidrojeni mbili 0.16, sodiamu baikaboneti 2.1, glukosi 2.0, na kalsiamu kloraidi (yenye maji 2) 0.37.

Weupe unatokea unapoweka kalsiamu mapema. Ikikutana na baikaboneti kabla ya gesi kupita, inaganda kuwa aina ya chokaa na kuzama chini. Yeyusha vingine vyote kwanza, pitisha gesi yenye oksijeni asilimia 95 na kaboni dayoksaidi asilimia 5 kwa dakika 10 au 15, ndipo umimine kalsiamu iliyoyeyushwa pembeni, polepole. Yakishakuwa meupe yamwage. Ukiyachuja yatang'aa, lakini kalsiamu utakuwa umeichuja pamoja na uchafu, na bila kalsiamu misuli haijikazi.

Nimefuata kitabu gramu kwa gramu lakini pH inakaa 7.5 na zaidi. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea, uko Mbeya tu. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani. Asilimia 5 ya kaboni dayoksaidi hapa ni kiasi kidogo kuliko asilimia 5 ya Dar es Salaam, na gesi hiyo ndiyo inayoizuia baikaboneti isipandishe pH. Ukipiga hesabu, tofauti inafika karibu 0.1. Iringa mjini nako tofauti ipo, ila ni ndogo kidogo.

Dawa yake ni kupunguza baikaboneti hadi gramu 1.7 hivi na kuongeza sodiamu kloraidi hadi 7.2, ili sodiamu isipungue. Kisha pima pH huku gesi ikibubujika na maji yakiwa na joto la nyuzi 37. Ukipima maji baridi yaliyosimama kwenye chupa, umepima kitu kingine. Ninaomba sana jambo hili liandikwe kwenye daftari la kila maabara ya huku juu. Nimeona vijana wakitupa kazi ya wiki nzima wakidhani mizani imeharibika.

Mwezi wa Julai kanda zetu zinalegea na kujibu polepole. Kwa nini?

Baridi. Hita inaweza kusoma 37 huku chemba ikiwa na 33, kwa sababu mpira unaoleta maji ya moto umepita mezani mita nzima kwenye chumba cha nyuzi 12. Funga mpira kwa sponji au kitambaa kizito, ufupishe, kisha weka kipimajoto ndani ya chemba yenyewe. Maji ya kubadilishia nayo yawe yamepashwa, kwani kila ukisuuza kwa maji baridi unaupiga ukanda mshtuko.

## Neva na dawa

Nitajuaje kilichojibu ni neva na si misuli?

Hili ndilo swali kubwa la kazi nzima. Kwanza, sisimua ukanda kwa umeme wa mapigo mafupi, yasiyozidi milisekunde 1. Mapigo mafupi hivyo huamsha neva kirahisi kuliko misuli. Kisha weka tetrodotoksini, sumu ya samaki bunju, inayofunga njia za sodiamu za neva. Jibu likitoweka, lilikuwa la neva. Likibaki, umeme wako unaipiga misuli moja kwa moja. Tetrodotoksini haina kiuasumu, kwa hiyo inashikwa na msimamizi peke yake, na chuo kisichoweza kuifungia kabatini kisiinunue.

Mawimbi ya pole yatabaki hata baada ya sumu hiyo, usishtuke. Hayaanzishwi na neva. Yanaanzishwa na seli za Cajal, ambazo kwa tumbo la binadamu hupiga mara 3 hivi kwa dakika.

Hatua ya pili ni atropini, inayofunga vipokezi vya asetilikolini kwenye misuli, yaani sehemu za seli zinazoipokea kemikali hiyo. Hapo kuna jambo zuri la kuona. Chukua ukanda wa sehemu ya juu ya tumbo, uukaze kidogo kwa dawa nyingine kama serotonini, uufunge kwa atropini, kisha sisimua neva. Badala ya kujikaza unalegea. Hizo ni neva nyingine, zinazotoa naitriki oksaidi, na ndizo zinazolifanya tumbo litanuke kupokea mlo bila kusukuma nyuma. Ukila ugali ukashiba bila kutapika, hizo zimefanya kazi.

Jaribio hili linahusiana vipi na wagonjwa wa wodini?

Chukua mkulima wa viazi kule Uporoto aliyenyunyiza dawa ya wadudu ya kundi la oganofosfeti bila kinga. Analetwa akitoka jasho na mate, tumbo linasokota, anaharisha, mboni zimekuwa ndogo, kifua kimejaa majimaji. Kilichotokea ni kwamba kimeng'enya kinachovunja asetilikolini kimezuiwa.

Kwenye chemba tunaonyesha hayo kwa neostigmini, dawa ya hospitali yenye tabia hiyo. Kamwe hatutumii dawa ya shambani. Sisimua neva kwa mapigo yale yale: baada ya neostigmini mchoro unakuwa mrefu zaidi na unachelewa kushuka. Weka atropini, unaanguka. Mwanafunzi aliyeuona mchoro huo kwa macho yake hasahau kwa nini mgonjwa anapewa atropini mpaka kifua kikauke. Anaelewa pia kwa nini atropini haimsaidii mgonjwa ambaye misuli ya kupumulia imelegea: misuli hiyo ina vipokezi vya aina nyingine, ambavyo atropini haivigusi.

Kwa nini mofini na loperamidi hufunga choo?

Zinazuia neva za ukuta wa utumbo kutoa asetilikolini. Kwenye utumbo wa simbilisi utaona jibu la umeme likipungua, huku asetilikolini unayoiweka mwenyewe ikijibiwa kama kawaida. Tofauti hiyo inakuonyesha kuwa dawa imekaa kwenye neva, si kwenye misuli.

Erithromaisini inawasokota wagonjwa tumbo, mbona kwenye panya haifanyi kitu?

Dawa hiyo hufanya kazi kwenye vipokezi vya motilini, homoni inayosukuma tumbo, na panya hawana mfumo wa motilini. Tumia sungura. Kabla ya kuandika kwamba dawa haina athari, uliza kama mnyama wako ana kipokezi chake.

Naweza kupima omeprazoli au dawa nyingine ya vidonda vya tumbo hivi?

Si kwa ukanda wa misuli. Omeprazoli hufunga pampu ya asidi kwenye utando wa ndani, na ukanda unakueleza mkazo tu. Hata hivyo simetidini, dawa nyingine ya vidonda vya tumbo, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1976, ilitokana na kazi ya James Black, ambaye alitumia moyo wa simbilisi uliotengwa kupima vizuizi vya histamini. Kipokezi cha tumboni kilikuwepo pia moyoni, na moyo ni rahisi kuupima.

## Mitishamba

Nimeweka mti wa bibi yangu na ukanda umejikaza sana. Nimepata dawa?

Swali hili nalipenda, kwa sababu huulizwa na mtu ambaye macho yanang'aa. Kijana mmoja wa Tukuyu alileta majani ambayo kwao hutumika kwa tumbo lililofunga. Mchoro ulipanda hadi juu. Tukaweka atropini: haukushuka. Tetrodotoksini: haukushuka. Tukapima potasiamu ya yale maji ya majani, nayo ilitosha kabisa kukaza misuli bila msaada wa kitu kingine chochote.

Mimea ina potasiamu nyingi, na potasiamu nyingi hukaza misuli laini yoyote. Kwa hiyo pima potasiamu na pH ya maji yako ya mti, kisha tengeneza maji matupu yenye potasiamu na pH hiyo hiyo uyaweke kwenye ukanda mwingine. Kama umetumia spiriti kukamulia, jaribu spiriti peke yake. Usizidishe asilimia 1 ya ujazo wa chemba: kwa chemba ya mililita 20, mwisho ni mililita 0.2.

Kijana yule hakuacha. Aliyatenganisha majani yake kwa hatua, akaondoa chumvi, akaanza upya na sehemu iliyobaki. Hivyo ndivyo mti wa bibi unavyoheshimiwa.

Mti ukilegeza ukanda, naweza kusema unatibu msokoto?

Sema umelegeza ukanda wa mnyama fulani kwa kiasi fulani cha miligramu kwa mililita. Hujui bado kama ukinywewa utafyonzwa, ini litaufanya nini, au utadhuru figo. Kwenye chemba dawa inaugusa ukanda pande zote. Mgonjwa anayemeza ana utando, ute na asidi kabla ya kufika kwenye misuli.

## Mambo yanapokwama

Ukanda haujibu kitu chochote.

Weka potasiamu kloraidi hadi milimola 60 au 80. Ukijikaza, misuli iko hai, tatizo ni neva au dawa yako. Usipojikaza, angalia kalsiamu, joto, gesi, kisha uzi: mara nyingi umegusa ukuta wa kioo. Angalia pia kama uliuacha utulie saa nzima chini ya mvuto wa gramu 1 hivi, ukibadilisha maji kila dakika 15.

Dozi ya pili inatoa mchoro mdogo kuliko ya kwanza, dawa ikiwa ile ile.

Vipokezi vimechoka. Nikotini ina tabia hiyo sana. Suuza mara tatu, ongeza muda wa kungoja, na rudia dozi moja ya asetilikolini kila baada ya muda kama kipimo chako cha uaminifu. Viini vikali vya pilipili viweke mara moja tu kwa ukanda, maana humwaga akiba ya neva za hisia na haijazwi tena siku hiyo.

Naweza kuhifadhi kiungo mpaka kesho?

Kwenye friji, ndani ya maji ya Krebs, misuli hufika kesho. Kwa swali la neva tumia cha leo.

Mabaki yanakwenda wapi?

Kwenye tanuri la kuteketezea. Si kwa mbwa wa mlinzi, na nyama ya mnyama aliyetumika maabara haiendi jikoni kwa mtu yeyote, hata kama inaonekana safi.

Umeme umekatika katikati ya jaribio. Nianze upya?

Mtungi wa gesi hauhitaji umeme, kwa hiyo acha ububujike. Andika saa na dakika. Kama una chupa ya chai yenye maji ya moto, mimina kwenye mzunguko wa nje wa chemba kidogo kidogo ukitazama kipimajoto, usipite nyuzi 37. Dawa ikiwa ndani, isuuze.

Umeme ukirudi, ngoja nusu saa, kisha rudia dozi yako ya asetilikolini (tazama swali la dozi ya pili). Mchoro ukirudi kwenye urefu wake wa awali, endelea na uandike kwamba kulikuwa na kukatika. Ukiwa mfupi, funga kazi ya ukanda huo hapo, uchukue mwingine wa mnyama yule yule uliouacha kwenye maji ya gesi pembeni. Daima acha mmoja pembeni.